Maziwa Yaliyotuhumiwa

Kariakoo kila mtu ni daktari wa watoto. Muuza soksi ni daktari, fundi simu ni daktari, na kuli mwenye robota la mitumba kichwani atasimama katikati ya barabara, jasho linamchuruzika, akuambie mtoto wako hujamvalisha nguo za kutosha. Nimeuza vyombo mtaa mmoja wa jirani na Msimbazi kwa muda mrefu, nikazoea karibu kila upuuzi wa pale, ila huu wa kugawa ushauri juu ya mtoto wa mwenzako sijauzoea na sina mpango wa kuuzoea. Mtu hajui hata ukubwa wa sufuria aliyokuja kununua, lakini anajua kwa nini mwanangu anapiga chafya.

Mwanangu wa kwanza, wa kiume, alizaliwa tukiwa tunaishi ghorofani, juu ya duka letu. Nikisema letu nasema kwa adabu tu. Duka lilikuwa la mume wangu kwenye leseni, na langu kwenye kufungua, kufagia, kupanga, kuuza, kugombana na wapakuaji mizigo na kufunga. Yeye kazi yake kubwa ilikuwa kusimama mlangoni mikono nyuma, akionekana mwenye mali.

Sisi wote wawili ni watu wa Kilimanjaro, na kwetu mwanamke akijifungua haachwi hivi hivi. Anawekwa ndani miezi mitatu. Hashiki ufagio, hachoti maji, kazi yake ni kula, kulala na kunyonyesha. Mama mkwe wangu akashuka kutoka Kibosho na ndizi zake na siagi yake kuja kunilea uzazi, na hapa nitamtendea haki: mtori wake sijaupata tena popote. Ndizi zilipondwa mpaka zikawa laini kabisa, nyama imeiva inaachia mfupa, na juu kijiko cha siagi ya ng'ombe wake mwenyewe. Bakuli asubuhi, bakuli mchana, bakuli jioni. Nikilalamika kwamba nimeshiba, anasema, "Kunywa, mwanangu. Hii siyo yako, ni ya mtoto. Inapita kwako tu." Nilimpenda sana mama yule miezi ile. Naandika hivyo makusudi, maana yanayofuata hayana mapenzi mengi.

Miezi mitatu ilipoisha nikarudi dukani, na mtoto nikashuka naye. Fremu yetu ilikuwa nyembamba, imejaa maboksi mpaka darini. Nilimtengea mwanangu nafasi nyuma ya kaunta, kati ya boksi la chupa za chai na boksi la masinia, nikamtandikia khanga. Mbele ya mlango wamachinga walikuwa wamepanga ndoo na viatu mpaka tunaruka kutoka nje. Vigari vya mizigo vinanguruma, vumbi linaingia, moshi unaingia, na wateja wanakuja na mafua yao, wanakukoholea usoni huku wanaomba wapunguziwe. Mtoto akilia nampa ziwa, najifunika khanga, naendelea kuuza. Hotpoti nyingi sana za harusi za Dar es Salaam nimeziuza mtoto akiwa kifuani. Wateja wanaume walikuwa wanaona haya hata kubishana bei. Wanakodolea macho dari, wanachukua mzigo, wanaondoka. Nadhani hatukuwahi kufanya biashara nzuri kama kipindi kile.

Kliniki walikuwa wametueleza habari ya maziwa. Tulikaa kwenye mabenchi tunasubiri chanjo, na nesi mmoja aliyezoea kuongea kama anatugombeza akatuambia kwamba mwili wa mama unajifunza kupigana na magonjwa anayokutana nayo, halafu kinga ile inapita kwenye maziwa kwenda kwa mtoto ambaye mwili wake bado haujui kitu. Mafua, kikohozi, kifua. Nilimwelewa vizuri sana, kwa sababu nilikuwa nafanya kazi mahali ambapo hakuna kikohozi cha jiji hili ambacho hakijawahi kunipitia usoni. Nikajiambia, basi mwanangu ana akiba ya kutosha. Nilipomsimulia mume wangu, akacheka kwa pua. "Hayo maneno ya kliniki," akasema, na akarudi mlangoni kuonekana mwenye mali.

Mvua zilipoanza, Kariakoo yote ikawa inakohoa. Maji machafu yalituama barabarani, watu wakabanana kwenye varanda za maduka, na kila aliyekuja dukani alikuja na leso puani. Mwanangu naye akaanza. Pua zinachuruzika, kikohozi cha hapa na pale, lakini ananyonya vizuri, anacheka, anavuta nywele zangu. Nikamsafisha pua, nikamnyonyesha zaidi, nikaendelea na shughuli. Sikuwa na wasiwasi, na mpaka leo naamini kikohozi kile kingeisha chenyewe kama tungeachwa.

Lakini fremu ya jirani yetu ilikuwa ya mama mmoja muuza khanga. Mama huyu alikuwa na kipaji cha kujua mambo ya ndani ya watu asiowajua. Wateja wakipungua anakuja kuegemea kaunta yangu, anaanza na habari za mtaa wa tatu, anamalizia na mimi. Siku hiyo mama mkwe, ambaye bado alikuwa anakaa nasi ghorofani, alikuwa ameshuka kuniletea chai. Jirani akamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akainama kumwangalia mwanangu kama mtu anayekagua kitambaa kina kasoro.

"Shoga, mbona huyu mtoto kalegea hivi?"

"Ana mafua," nikamwambia. "Hata wewe unayo."

"Mimi mtu mzima. Huyu kifua chake sicho cha mafua. Mimi nimezaa, nimelea, najua." Akashusha sauti, lakini akaishusha kiasi cha mama mkwe kusikia. "Huyu kabemendwa."

Kwa mtu asiyelijua neno hilo, na namwonea wivu, maana yake ni hii. Wanaamini kwamba mtoto akiwa bado ananyonya, halafu mama yake au baba yake akatoka nje ya ndoa, uchafu wa kule nje unaingia kwenye maziwa, na mtoto anayanyonya, anakohoa, anakonda, anakwisha. Baba anatajwa kwenye maelezo tu. Sijawahi kusikia kikao kilichokaa kumjadili baba.

Mama mkwe kwao Kibosho hakuwa na neno hilo. Alilikuta Kariakoo, siku hiyo hiyo, kama alivyozikuta ndala za plastiki na soda ya tangawizi, na kama vile vingine, alilipenda papo hapo. Chai aliyoniletea ikapoa juu ya kaunta huku wanawake wawili, mmoja mwenye wajukuu lundo na mwingine mwenye khanga lundo, wakiyachunguza matiti yangu kwa macho. Tangu saa hiyo kila nilipomweka mtoto kifuani, mama mkwe alikuwa anageuza uso.

Jumapili baada ya misa kikaitishwa kikao. Ukoo wa mume wangu wanapenda vikao kuliko wanavyopenda kula, na kula wanapenda sana. Alikuja shemeji yangu, kaka yake mkubwa, anayeuza vipuri vya magari Gerezani na anayejihesabu mzee kwa sababu ya kitambi. Nilipika mwenyewe. Hilo linanichekesha mpaka leo, kwamba nilisaga pilipili na kuchemsha nyama ya kikao cha kunihukumu mimi. Tukasali, tukala, na watu wakiwa bado wanalamba vidole shemeji akakohoa kidogo kufungua mazungumzo.

"Shemeji, kwanza niseme, hapa hatumtuhumu mtu."

Ukisikia maneno hayo, jua umeshatuhumiwa, bado kusomewa tu.

"Ila mtoto anaumwa," akaendelea, "na wazee wana macho. Sasa mama ana neno lake."

Mama mkwe alijifunga khanga upya, akaniangalia kwa huruma. Huruma ile ndiyo ilinichoma kuliko yote. "Mwanangu, pale dukani unakutana na watu wengi. Shetani naye anapita pita. Mimi ni mwanamke, naelewa. Kama kuna jambo, tuambie, tumtibu mtoto. Hatutakufukuza."

Nikasema hakuna jambo. Nikasema mtoto ana mafua kama watoto wote wa mtaa, na kwamba hata yeye mama alikuwa anakohoa tangu Ijumaa, je, yeye kabemendwa na nani? Shemeji akasema nisiwajibu wakubwa hivyo. Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa ameshika mfupa, anautafuta uboho kwa mpini wa kijiko, kwa utaratibu mkubwa, kana kwamba ndani yake kuna kitu cha thamani kimefichwa.

"Na wewe husemi kitu?" nikamuuliza.

"Mimi nawasikiliza wakubwa tu," akasema, bila kuinua macho.

Uamuzi ukawa kwamba nimwachishe mtoto kwa muda, mpaka mambo yawe safi, na apewe maziwa ya kopo. Watu wananiuliza kwa nini nilikubali, mimi ambaye mdomo wangu unajulikana mpaka Mnazi Mmoja. Hebu wafikiri wenyewe. Nikikataa, naonekana nipo tayari mtoto afe ili siri yangu isitoke. Nikikubali, nimekiri. Mtego huo ulitengenezwa na watu ambao wengine kuhesabu chenji kunawashinda, lakini kwa kumfunga mwanamke walikuwa na akili za ajabu. Nikachagua kile ambacho hakikuwa na kelele, nikijua kwamba kikohozi kitapungua baada ya siku chache na wote watanyamaza.

Kopo alilileta shemeji mwenyewe, analipakata kama kombe. Likawekwa kwenye rafu ya dukani, si jikoni, dukani, mahali ambapo kila anayeingia analiona, kwa sababu maziwa ya kopo kwa watu wa namna yetu ni tangazo. Wateja wakaanza kumwita mwanangu mtoto wa bosi. Muuza khanga akaja kulisifia, akalizungusha mkononi, akasoma maandishi asiyoyaelewa kwa sauti. Mume wangu alikuwa analisogeza mbele kila likirudishwa nyuma. Wakati huo huo mtoto mwenyewe, ambaye ndiye alikuwa anatakiwa kulifurahia kopo, alikuwa anageuza kichwa kulia na kushoto akitafuta kifua changu, na chupa inamchuruzikia shingoni.

Matiti yangu yalijaa yakawa magumu, yanauma mpaka kwapani. Ikabidi nikamue. Nilikuwa nakamua bafuni kwenye sinki, mama mkwe amesimama mlangoni kuhakikisha simpi mtoto kwa siri, nami nayatazama maziwa yanazunguka, yanaingia kwenye tundu, yanakwenda kukutana na maji machafu ya Kariakoo. Mtori wote ule aliousimamia jikoni mwezi hadi mwezi, sasa alikuwa anausimamia unavyomwagwa. Sikuona kama hilo lilimsumbua. Mara moja tu aliuliza, kwa sauti ndogo, kama bado yanatoka mengi. Nikamwambia yapo. Siku zilivyokwenda, yakapungua.

Na kikohozi hakikupungua. Kilishuka. Kilikuwa cha puani kikawa cha kooni, kikawa cha kifuani, kikawa kina mlio. Mama mkwe akanunua dawa kwa mwanamke mmoja anayeuza mizizi na magome sokoni, unga wa rangi ya kutu, wa kumwogeshea mtoto. Tukamwogesha. Akanukia kama stoo ya mbao na akaendelea kukohoa. Nilipomwonyesha mama mkwe kwamba mbavu zinaingia ndani kila mtoto akivuta pumzi, akaniambia huo ni uchafu unatoka.

"Unatoka?" nikamuuliza. "Mbona naona kama mtoto ndiye anayetoka?"

Asubuhi ambayo alikataa hata chupa, na ngozi ya kuzunguka midomo ikawa ya kijivu, sikuuliza mtu. Nilimfunga kifuani, nikashuka ngazi, nikampita mume wangu mlangoni kwake, nikaingia kwenye bajaji. Dereva alikatiza pembeni ya Mnazi Mmoja anapiga honi, mimi nimeweka kiganja mgongoni kwa mtoto nisikie kama bado anapumua. Sijawahi kuogopa namna ile, na simwombei mtu aogope hivyo, hata muuza khanga.

Hospitali walimpokea haraka, na watu wakikupokea haraka kwenye hospitali zetu ujue hali ni mbaya. Nimonia. Akawekewa oksijeni puani, akachomwa sindano, akafungwa mpira wa dripu kwenye mkono usiozidi kidole changu. Daktari alikuwa dada mmoja aliyechoka, asiye na muda wa kubembeleza mtu.

"Ananyonya?"

"Tumemwachisha."

"Umri huu? Kwa nini, unatumia dawa gani? Unaumwa?"

"Hapana."

"Nani kamwachisha?"

Mume wangu, aliyekuwa amefika nyuma yangu na bajaji nyingine, akasoma bango la kunawa mikono. Daktari akatuangalia wote wawili, akaelewa, nadhani hatukuwa wa kwanza. Akasema tusimwelewe vibaya, mtoto anayenyonya naye anaweza kupata nimonia, maziwa siyo ukuta. Lakini anayenyonya mara nyingi hapati kali kama hii, na akiipata ana kitu cha kupambana nacho. "Nyinyi mmemwondolea kinga ya mama yake akiwa tayari anakohoa. Katikati ya ugonjwa. Sasa sikilizeni. Leo atalishwa kwa mpira. Kesho akipumua vizuri anarudi ziwani. Yakiwa machache, anyonye hivyo hivyo, mara kwa mara, yatarudi. Asiponyonya, hayarudi." Akaondoka kwenda kwa mtoto mwingine.

Nikakaa na sentensi hiyo siku nzima. Asiponyonya, hayarudi. Nilijikamua nione, yakatoka matone, ya kujaza kijiko kwa shida. Nilijisikia kama mtu aliyeichezea kamari mali ya mwanawe na wezi, na wezi wenyewe wako nyumbani wanakunywa chai.

Siku ya pili mchana, saa ya kutazama wagonjwa, mtoto alikuwa amepata nafuu kidogo. Mbavu hazikuwa zinaingia sana. Nesi akasema nijaribu. Nilikuwa nimeshakaa kitandani, nimefungua vifungo, mtoto yuko mapajani analia kwa njaa, ndipo wakaingia, mama mkwe mbele na mume wangu nyuma na chupa ya uji. Mama mkwe akaona ninachotaka kufanya, akaja mbio. Akaweka mkono wake, mkono mzima umetandazwa, kati ya mdomo wa mtoto na mimi.

"Hapana, mpaka useme kwanza."

"Shikamoo mama," nikamwambia, kwa sababu nimelelewa. "Toa mkono. Daktari kasema anyonye."

"Yule mama wa dawa kaniambia, dawa haijashika kwa sababu aliyekosa hajasema kwa kinywa chake. Ndiyo maana mtoto yuko hapa na mipira puani. Sema, mwanangu. Sema tu, hata jina usitaje. Sema umekosa, mtoto apone, umnyonyeshe."

"Sina cha kusema."

"Unamuua huyu mtoto kwa kiburi!"

Kina mama wa vitanda vingine waliacha kukunja nepi. Mwanangu alikuwa analia, kilio kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka ule mlio wa filimbi, na mkono wa bibi yake uko pale pale, mwembamba, una pete ya ndoa iliyolegea, hautikisiki. Nikaushika mkono ule kuuondoa na nikakuta ana nguvu kuliko nilivyodhani. Tulikuwa karibu kupigana mwereka juu ya mtoto mgonjwa, mimi na mwanamke aliyenilisha kwa kijiko. Mtoto alikohoa tena na hakuvuta pumzi mara moja. Alikaa. Halafu akavuta.

"Mama, muache," mume wangu akasema.

"Nimuache vipi, mwanao anakufa na huyu hataki kusema!"

"Hana cha kusema." Alikuwa ameikumbatia ile chupa ya uji kwa mikono miwili. Alikuwa analia, sikumwona alianza saa ngapi. "Ni mimi. Mimi ndiye nilitoka nje. Kuna mwanamke Kigamboni. Nimeshasema. Nimeshasema, mama, mtoto apone."

Ule mzigo wa Kigamboni, nikawaza. Masinia na masufuria ya mteja wa ng'ambo, ambayo alikuwa anayasindikiza mwenyewe mpaka feri ya Magogoni na kuvuka nayo, mwanaume ambaye kuinua boksi moja kutoka stoo kulikuwa kunamletea maumivu ya mgongo.

Nikamwangalia mama mkwe. Nilikuwa nangoja radi. Kwa sheria zake mwenyewe, alizonitungia mimi, huyu hapa ndiye muuaji, amekiri kwa kinywa chake, mchana kweupe, mbele ya wodi. Mama mkwe alimwangalia mwanawe. Kisha taratibu akautoa mkono wake kifuani kwangu. Akaweka sawa khanga begani.

"Basi," akasema. "Hayo mambo ya wanaume. Mnyonyeshe mtoto, ana njaa." Halafu akamgeukia mume wangu. "Na wewe kaa chini baba, umechoka. Hata chai hujanywa tangu asubuhi."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka nesi akatoka ofisini kuangalia kuna nini. Uchafu wote ule uliokuwa kwenye maziwa yangu, uliokuwa unamwozesha mtoto kifua, uliohitaji kikao na kopo na unga wa kutu, uliondoka kwenye matiti yangu kwa sekunde moja bila kuogeshwa. Dawa haikutajwa tena, wala yule mama wa dawa. Mwanamke wa kitanda cha jirani, ambaye hatukuwa tumesalimiana hata mara moja, alimwangalia mama mkwe juu mpaka chini na kusonya, msonyo mrefu uliokwenda mpaka mlangoni. Mama mkwe akasema anakwenda kutafuta chai kwa ajili ya mwanawe, akatoka.

Nikamweka mtoto ziwani. Mwanzo alilisahau. Alilamba, akageuka, akalia, nikamrudisha, akageuka tena. Nilikamua tone likamdondokea mdomoni, akanyamaza, akafikiri, akashika. Alinyonya kidogo, akaachia apumue, akashika tena. Kwa muda hapakuwa na kitu cha kumeza, nilijua kwa kusikiliza, alikuwa anavuta pakavu. Halafu nikaisikia ile hali ya kuchoma choma ambayo kila aliyenyonyesha anaijua, na koo lake likaanza kufanya kazi. Nililia basi. Nilikuwa na furaha na hasira kwa wakati mmoja, na sikujua machozi yapi ni ya nini.

Mume wangu akasogea, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa ameshajifuta uso. Alimtazama mtoto kwa kitambo, na taratibu nikaona sura yake inabadilika, inatulia, inaanza karibu kujipongeza.

"Unaona?" akaninong'oneza. "Anapumua vizuri. Nimesema tu, na kaanza kupona."

Sikumjibu kuhusu oksijeni. Sikumjibu kuhusu sindano, wala daktari, wala maziwa. Nilimuuliza kitu kimoja.

"Ulijua tangu lini?"

"Kujua nini?"

"Kwamba ni wewe. Kwamba kama mtoto kabemendwa, basi kabemendwa na wewe."

Akainamisha kichwa. "Tangu siku ile jirani alivyosema."

"Na uliamini?"

"Niliamini, mama. Wallahi niliamini. Nilikuwa silali."

Mimi sikuwahi kuamini habari ya kubemenda, hata saa ile mbavu za mwanangu zilipokuwa zinaingia ndani. Kwa hiyo mwanamke wake wa Kigamboni, kwa hesabu zangu, hakuwa amemtia mtoto wangu ugonjwa wowote, na ningeweza kumpangia siku nyingine ya kumjadili, tukiwa nyumbani, nikiwa nimelala usingizi wa kutosha. Lakini yeye aliamini. Alikaa kwenye kikao anaamini kwamba mwanawe anakufa kwa ajili yake, akatafuta uboho kwenye mfupa. Alipita bafuni akanikuta nakamua maziwa masafi kwenye sinki, mama yake mlangoni, akapita. Alilisogeza kopo mbele ya rafu lionekane.

Mtoto aliachia ziwa, akavuta pumzi, akarudi. Mume wangu alinyoosha mkono kumshika mguu.

"Usimguse," nilimwambia. "Toka nje. Na siyo kwa sababu ya Kigamboni. Toka kwa sababu uliamini."